Nguvu za kiume: Mwenye selimundu asingoje kupambazuke

WANAUME wanapozungumza juu ya upungufu wa nguvu za kiume, mawazo yao huwaendea wazee. Humfikiria mzee mwenye kisukari, mzee mwenye presha, au yule aliyevuta sigara kwa miaka thelathini. Ni nadra mtu kumfikiria mvulana wa sekondari. Juma hili tutamtazama huyo mvulana. Anaugua selimundu, maradhi ya damu ambayo wengi hapa kwetu huyaita sikoseli, na kinachomwondolea nguvu zake si uume uliokataa kusimama, bali ni uume uliokataa kulala.

Madaktari huliita tatizo hili prayapizimu. Uume husimama bila ya mtu kuwa na matamanio yoyote, huwa mgumu kama ubao, huuma, na haulali hata baada ya kupita saa kadhaa. Kichwa chake lakini hubaki laini, na hiyo ni dalili ambayo daktari huitafuta. Kwa wenye selimundu mambo haya huanza zaidi usiku wa manane au kukaribia alfajiri. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na Nigeria na kuchapishwa mwaka 2002 uliwahoji wagonjwa 130 wa kiume, na 46 kati yao walikuwa wamewahi kupatwa. Wastani wa umri wa kuanza ulikuwa miaka 15, na robo tatu yao walipatwa mara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 20. Ama wale ambao hawajapatwa, ni wachache mno waliokuwa na habari kwamba selimundu yaweza kuleta jambo kama hilo.

Msomaji aweza kuuliza: hayo ya Nigeria yatuhusu nini sisi wa Mishomoroni? Yatuhusu sana. Mwaka 1949, Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya na baadaye akawa daktari na mtafiti mashuhuri, alizunguka nchini akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba chembe za selimundu zilikuwa nyingi kwa watu wa pwani na kwa wale wa kandokando ya Ziwa Viktoria, na chache kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha sababu yake: anayerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, kwa hivyo palipokuwa na mbu wengi, ndipo urithi huo ulipoenea. Sasa tazama mtaa kama Mishomoroni. Katika nyumba moja ya kupanga, mlango huu anakaa Mgiriama au Mdigo, mlango wa pili Mjaluo au Mluhya aliyekuja kutafuta kazi mjini. Pwani na ziwa vimekutana uani. Mume na mke wakiwa wote wawili wamebeba urithi huo bila kujua, kila mimba huwa na nafasi moja katika nne ya kuzaliwa mtoto mwenye maradhi yenyewe.

Huko Kilifi, kaskazini mwa Mtwapa, watafiti wakiongozwa na Sophie Uyoga walichapisha mwaka 2019 matokeo ya kuwapima watoto wachanga 15,737. Waliokuwa na selimundu walikuwa 128, yaani kama wanane katika kila elfu moja. Nusu ya watoto huzaliwa wavulana, na siku hizi wengi zaidi huishi hadi kubaleghe. Hapo ndipo tatizo letu la leo huanza.

Misuli isiyotii amri

Ili kuelewa hatari iliyopo, yafaa kwanza kuelewa uume umeumbwaje, na hapa watu wengi hukosea. Mtu hudhani kusimama ni kukaza, kama anavyokaza mkono akiinua ndoo ya maji. Sivyo hata kidogo. Ndani ya uume mna mirija miwili iliyolala sambamba, iliyojaa vyumba vidogo vidogo mfano wa sponji. Kuta za vyumba hivyo zimejengwa kwa misuli laini, aina ile ile iliyomo kwenye matumbo na kwenye mishipa ya damu. Misuli hii haitii amri ya mwenyewe. Mchana kutwa hukaa imekaza, nayo ikikaza, damu huingia kwa kiasi kidogo tu na uume hulala. Mtu anapopata hisia, mishipa ya fahamu hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, misuli hulegea, vyumba hufunguka na damu ikamiminika. Vyumba vikijaa, huibana mishipa inayoitoa damu, na damu ikazuilika mle ndani. Kwa hivyo kusimama ni kulegea kwa misuli, na kulala ni kukaza kwake.

Jambo hili lilithibitishwa kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1982 huko Paris, daktari Ronald Virag alieleza kwamba dawa ya papaverini ikidungwa ndani ya uume, husimama. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa madaktari wa njia ya mkojo mjini Las Vegas, Marekani, Mwingereza Giles Brindley alisimama kutoa mhadhara wake. Kabla ya kuingia ukumbini alikuwa amejidunga mwenyewe dawa ya kulegeza misuli. Yaliyofuata hatutayaeleza kwa urefu, maana gazeti hili husomwa mbele ya watoto; itoshe kusema kwamba aliwaonyesha waliohudhuria ushahidi wenyewe, na hakuna aliyetoka pale akiwa na shaka. Hakuwa na hisia za mapenzi mbele ya ukumbi ule. Ilikuwa ni misuli tu iliyolegea.

Mwaka 1998 Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi ya ile gesi ya naitriki oksaidi, na mwaka huo huo dawa ya Viagra ikaruhusiwa Marekani. Viagra haileti hamu. Kazi yake ni kukizuia kimeng'enya kiitwacho PDE5, ambacho huifuta ishara ya kulegea. Ishara ikidumu, misuli hubaki imelegea.

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Chembe zake nyekundu zikikosa oksijeni hujipinda kama mundu, huwa ngumu na kugandamana. Usiku, mwanamume yeyote aliye mzima husimamisha mara tatu hadi tano akiwa usingizini, na hilo ni jambo la kawaida lenye faida, kwa kuwa huiletea misuli ile damu mpya yenye oksijeni. Lakini kwa mwenye selimundu, damu iliyoingia yaweza kushindwa kutoka. Ikikaa, oksijeni yake huisha; oksijeni ikiisha, chembe nyingine hujipinda; nayo misuli ambayo ingepaswa kukaza ili kuisukuma damu nje, haina nguvu ya kukaza kwa kuwa imekosa pumzi. Ni fundo linalojikaza lenyewe.

Wachunguzi wawili wa Zurich, Uswisi, walitazama kwa darubini kali vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa wa namna hii, wakachapisha waliyoyaona mwaka 1986. Baada ya saa 12 nyama ilikuwa imevimba maji. Baada ya saa 24 utando wa ndani wa vile vyumba ulikuwa umebanduka. Baada ya saa 48 damu ilikuwa imeganda vyumbani, na misuli laini ama imekufa, ama imegeuka kuwa chembe za kutengeneza kovu. Kovu halilegei na halikazi. Mtu akifika hapo, kusimamisha kwake kumekwisha, hata kama ana miaka kumi na sita na hajawahi kumjua mwanamke.

Ndiyo sababu madaktari wa dunia nzima wameweka mpaka wa muda wa saa nne. Sisemi saa nne za asubuhi; nasema saa nne za kuhesabu tangu uume ulipoanza kusimama. Ukipita muda huo bila kulala, hiyo ni dharura kama vile ajali ya gari. Takwimu zinazosikitisha zaidi ni za uchunguzi mmoja wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, juu ya wanaume 39 weusi waliofika hospitali na tatizo hili. Waliotibiwa kabla ya saa 12 kupita, wote waliweza kusimamisha baadaye. Waliotibiwa baina ya saa 12 na 24, walikuwa 78 kwa 100. Baina ya saa 24 na 36, walikuwa 44 kwa 100. Waliopitisha saa 36, hakuna hata mmoja.

Aibu na foleni ya daraja

Tuseme basi kijana huyo anakaa Mishomoroni na analala chumba kimoja na ndugu zake wawili. Saa nane za usiku anaamshwa na maumivu. Anajifunika shuka na kungoja. Kunapokucha mama yake anamwuliza, "Mwanangu, mbona huamki leo? Na shule je?" Naye anajibu, "Mama, tumbo laniuma." Hadanganyi kwa ubaya. Atamwambiaje mama yake mzazi jambo kama lile? Baba ametoka alfajiri kwenda bandarini, na mjomba wa kuzungumza naye anakaa Likoni. Mchana anamnong'oneza rafiki, na rafiki anacheka, asema hiyo ni neema wanayoitafuta wengine kwa pesa. Jioni jirani anashuku jini, akaletwa mzee wa kusoma na kupunga. Ni mpaka asubuhi ya pili, mama anapoona jinsi mwanawe anavyotembea kuelekea chooni, ndipo boda boda inapoitwa. Kongowea kuna msongamano, darajani Nyali kuna foleni, na anapofika Hospitali Kuu ya Pwani zimekwisha kupita saa thelathini na kitu.

Hakuna aliyefanya ubaya katika kisa hiki, kila mmoja alitenda kwa kadiri ya alichokijua. Lakini misuli haikungoja.

Angalifika mapema, matibabu yenyewe si ya kutisha kama watu wanavyodhani. Daktari huufisha uume ganzi, akaingiza sindano ubavuni na kuivuta ile damu iliyokwama, ambayo hutoka nyeusi kama kahawa isiyotiwa maziwa. Akisha, hudunga kiasi kidogo cha dawa iitwayo fenilefrini huku akimpima mgonjwa presha. Dawa hiyo ni kinyume cha ile ya Brindley: huiamuru misuli laini ikaze. Misuli ikikaza, damu hutoka, uume hulala, na kijana aweza kurudi nyumbani. Ikishindikana, hupasuliwa kijinjia cha kuipitisha damu kutoka kwenye uume hadi kichwani mwake. Zamani wagonjwa wa selimundu walikuwa wakiongezwa maji na damu kwanza, na kuachwa wangoje wodini. Mwongozo wa siku hizi wasema maji na dawa za maumivu apewe, lakini visiwe sababu ya kuchelewesha sindano.

Kinga, na dawa yenye vitendawili

Mashambulizi makubwa mara nyingi hutanguliwa na madogo. Uume husimama nusu saa au saa moja kwa maumivu, hulala wenyewe, na baada ya siku chache hurudia. Madaktari huviita vipindi hivi kigugumizi, na jina hilo limefaa, maana ni kama neno lililokwama kabla halijatoka. Mgonjwa anayepata kigugumizi amekwisha kuonywa, na hapo ndipo kinga yafaa kuzungumzwa.

Dawa iliyo karibu nasi zaidi ni haidroksiurea, ambayo humezwa kila siku na hupunguza kujipinda kwa chembe. Uchunguzi mkubwa ulifanywa Kilifi, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, kwa watoto 606 walioanza kuinywa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, kadhalika malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo. Haukuwa uchunguzi wa prayapizimu, lakini mgonjwa ambaye damu yake imetulia ana sababu chache za kupatwa na mkwamo. Dawa hii hutaka daktari na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Si ya kununuliwa dukani kienyeji.

Jambo lililowashangaza wengi lilitoka Baltimore, Marekani, kwa Arthur Burnett na wenzake. Mwaka 2005 waligundua kwa kutumia panya kwamba tatizo la prayapizimu ni upungufu wa ile naitriki oksaidi, wala si wingi wake. Chembe za selimundu zinapopasuka humwaga hemoglobini, nayo huila gesi hiyo. Gesi ikiwa haba siku zote, mwili hupunguza kile kimeng'enya cha kuifuta ishara. Usiku ishara inapokuja, hakuna wa kuifuta, na misuli hulegea pasi na kiasi. Ni kama nyumba ambayo hupata maji kwa nadra hata mwenyewe akang'oa mfereji wake. Siku maji yakija kwa kishindo, hana cha kufungia. Kwa hivyo Burnett akajaribu kuwapa wagonjwa dozi ndogo ya kila siku ya dawa za jamii ya Viagra, wakati uume umelala, ili mwili uzoee tena kuweka kimeng'enya hicho. Baadhi walipata nafuu. Hata hivyo jaribio dogo la baadaye halikuonyesha tofauti ya wazi katika majuma ya mwanzo, na uchunguzi mwingine uliowapa wenye selimundu dawa hiyo kwa ajili ya mapafu ulisimamishwa kwa kuwa maumivu yao yalizidi. Huko Kano, Nigeria, watafiti waliandaa jaribio la kulinganisha haidroksiurea pekee na haidroksiurea pamoja na tadalafili. Mpaka hapo, kijana asijaribu mwenyewe vidonge vya mitaani. Na akivimeza wakati uume umekwisha kukwama, atakuwa anaimwagia moto mafuta.

Je, yule ambaye misuli yake imekwisha kufa? Yeye ana njia moja iliyo thabiti: kuwekewa vijiti maalumu ndani ya uume kwa upasuaji. Wataalamu hupendelea kuviweka katika majuma ya mwanzo, kabla kovu halijakaza na kuufupisha uume. Ni operesheni ya gharama, na wengi hapa kwetu hawaifikii. Habari za seli shina na mawimbi ya mshtuko zinazotangazwa na kliniki nyingine zahitaji uangalifu. Ni kweli kwamba mwaka 2016 madaktari wa Odense, Denmark, waliwadunga wanaume 17 seli shina zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao, na wanane wakaweza tena tendo la ndoa. Lakini hao walikuwa wamepasuliwa saratani ya tezi ya kiume, hawakuwa na makovu ya prayapizimu, wala hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani kilisema mwaka 2018 kwamba tiba hizo mbili bado ni za uchunguzi. Anayekutoza pesa nyingi kwa jambo ambalo bado linachunguzwa, anakufanya panya wake, tena kwa gharama yako.

Mzee mwenye kisukari tuliyemtaja mwanzoni naye hapotezi chochote akisoma haya. Misuli yake ni ile ile, isipokuwa yeye huipoteza polepole kwa miaka, huku kijana akiipoteza kwa siku moja na nusu. Huko Brussels, mwaka 1991, Eric Wespes na wenzake walipima vipande vya nyama wakaona kwamba kwa mwanamume mzima misuli laini ni 40 hadi 52 kwa 100 ya nyama ile. Kwa wale ambao damu yao huvuja na uume kulala kabla ya wakati, ilikuwa 19 hadi 36. Tutarudi kwa mzee huyo siku nyingine.

Kwa wazazi walio na mvulana wa selimundu, mazungumzo yafanyike kabla hajabaleghe, tena na baba, mjomba au kaka ikiwa mama aona haya. Aambiwe kwamba likimpata si dhambi wala si uchawi. Anywe maji mengi, aende haja ndogo kabla ya kulala na kila anapoamka usiku. Mwalimu naye aelezwe ili asimzuie kwenda msalani. Uume ukisimama kwa maumivu, anywe maji, ajaribu kukojoa, atembee kidogo, aoge maji ya vuguvugu, ameze dawa yake ya maumivu. Asitumie barafu, kwani baridi huzidisha kujipinda kwa chembe. Zikipita saa mbili haujalala, mtu wa Mishomoroni na aondoke nyumbani, kwa sababu zile mbili zilizobaki zitaliwa na njia na mapokezi.

Akifika dirishani hana haja ya maneno mengi wala ya kusema kwa fumbo mbele ya watu. Aseme: "Nina sikoseli, uume umesimama tangu saa nane za usiku na haulali." Saa hiyo iandikwe kwenye karatasi ikiwa aona haya kuitamka, kwani ndilo swali la kwanza atakaloulizwa na daktari, na jibu lake ndilo litakaloamua kama ataanzia kwenye sindano au kwenye chumba cha upasuaji.